Njema, Ila

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta umeketi pale dirishani pako, mguu umetulia na macho bado yanakutii. Mimi sijambo. Baridi ya huku sasa tunaheshimiana. Haiingii chumbani kwangu bila kubisha hodi.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nadhani kwa kunionea huruma. Leo nitakueleza, kwa sababu nataka msaada. Mahakama ya Kanda ikishatoa hukumu, majaji huvua majoho yao wakaenda nyumbani. Hapo ndipo kazi ya chumba chetu inapoanza. Sisi huziandikia serikali, kwa adabu nyingi, kuziuliza kama zimefanya zilichoamriwa. Zingine hujibu, zingine husahau, zingine hututumia salamu za mwaka mpya.

Unalikumbuka Bonde, tulikokuwa tunapita nikiwa mtoto, wewe ukinishika mkono usiniachie niokote ndimu za watu? Watu wake walihamishiwa juu uwandani ili lijengwe bwawa. Bwawa halikujengwa. Mahakama yetu ilihukumu kwamba waliondolewa bila kusikilizwa, kwamba lazima wasikilizwe, na kila anayetaka kurudi aachwe arudi. Mwezi uliopita jibu la serikali lilifika, nene kama mto wa kulalia. Taasisi ya Utafiti, ile Taasisi yako, imezunguka kila kaya. Watu tisa kati ya kumi wanasema maisha ya uwandani ni mazuri. Waliosema wanataka kurudi hawajazi hata lori moja.

Bwana Msajili anataka maoni yangu kabla Mei haijaisha. Nikiandika kwamba hukumu imetimizwa, jalada linafungwa, na likifungwa halifunguki tena. Takwimu nimezikagua, zimesimama vizuri. Lakini nimeliota Bonde mara mbili. Ndotoni limejaa yale maji ambayo hayakuja, na nyumba ziko chini kabisa, taa zinawaka madirishani, watu wanapita polepole kama samaki na kunipungia mikono. Hawaonekani kama wanazama. Wananisubiri tu.

Wewe uliuliza watu maswali maisha yako yote. Je, Taasisi imedanganya?

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Macho yananitii asubuhi, jioni yanakuwa na kiburi. Mguu tusiuzungumzie, utasikia ukajiona mkubwa. Simu uliyonitumia naijua kuitumia, usidhani. Lakini simu haina subira, na mimi nikiwa na jambo la kueleza napenda kulizunguka kwanza.

Unauliza kama wamedanganya. Sidhani. Wanaofikiri kwamba serikali hupinda utafiti kwa kudanganya hawajawahi kufanya kazi pale. Uongo ni njia ya wavivu, na pale tulikuwa na watu hodari. Ngoja nikueleze tulivyofanya.

Enzi za chama kimoja tulikuwa tukifika nyumbani kwa mtu tunakuta viti vitatu uani. Kimoja cha mwenye nyumba, kimoja cha mdadisi, na cha tatu cha mjumbe wa chama, ambaye amekuja, kama alivyosema mwenyewe, kuhakikisha tumepokelewa vizuri. Hakumtisha mtu. Hata kukohoa hakukohoa. Alikuwa akinywa maji yake taratibu na kutazama kuku. Basi tukauliza habari za mavuno, na nchi nzima ikawa imevuna. Tukaenda mjini, tukachora jedwali safi kabisa. Hakuna aliyedanganya: mwenye nyumba alijibu alichoulizwa, mimi niliandika alichojibu, na mjumbe alikunywa maji.

Kisha vikaja vyama vingi, na wafadhili, na kanuni za maadili zilizopigwa chapa kwenye karatasi zinazong'aa. Kiti cha tatu kikakatazwa. Lakini mwanangu, watu waliendelea kukitoa. Nilikuwa nikifika, tuko wawili, na mama wa watu anaingia ndani kuleta kiti kingine. Nikimwambia tuko wawili tu, anasema, "Acha kikae." Kinakaa. Hakuna anayekikalia, na wote tunaongea kidogo tukikielekea.

Na maswali nayo hubadilika kama nguo. Wakati ule tuliagizwa kuuliza, "Umechangia nini katika ujenzi wa taifa?" Baadaye ikawa, "Umeridhika kiasi gani na huduma?" Kila utawala una swali lake unalolala nalo kitanda kimoja. Ukitaka kuujua utawala, usisome majibu, soma maswali.

Kwa hiyo kaa na takwimu zako, usizichokoze. Nina rafiki kule uwandani, tulisoma darasa moja. Tulimwita Kengele, maana akinong'ona shule nzima inajua kipindi kimekwisha. Ni fundi cherehani. Nina miaka sijamtembelea, na gauni langu la kijivu linahitaji kupunguzwa.

Kula vizuri. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukifikiri ukiwa na njaa, na ndiyo maana ulikuwa ukikosea hesabu.

Shangazi yako


17 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka uwandani. Huku niko salama, nimejifunika mablanketi mawili na paka wa Kengele. Wewe je? Umeacha kuota, au bado wanakupungia mikono?

Sijui nikuelezeje mahali hapa. Nyumba zote ni sawa, zimepangwa mistari kama meno. Asubuhi unashuka ukungu mzito, na mtu akitoka kuchota maji anaweza kurudi nyumba isiyo yake. Juzi mzee mmoja aliingia hapa, akaketi, akapewa chai, akanywa, akaanza kuivua kofia ndipo akamwona Kengele. "Kumbe si kwangu," akasema. Kengele akamjibu, "Maliza tu chai, kwako si mbali." Walicheka, lakini taratibu, kama watu wanaocheka usingizini. Maisha yote hapa yako hivyo. Wanatembea kama waliofika stesheni mapema na kuambiwa wasubiri.

Sasa jambo lako. Siku niliyofika nilimkuta kwenye cherehani, uzi mdomoni.

"Kengele, hali?"

"Njema."

Akaendelea kukanyaga. Nikanyamaza. Akashona upindo mzima, akageuza kitambaa, akanitazama juu ya miwani.

"Njema, ila usingizi sipati. Upepo wa hapa hauna mahali pa kukaa, usiku kucha unapita tu."

Nikanyamaza tena.

"Ila shamba ni mawe. Ila mume wangu nimemwacha kaburini kule chini peke yake, na alikuwa mtu wa maneno, hapendi upweke. We, umekuja kushonesha au kunitazama kama mgonjwa?"

"Na vijana wa Taasisi walipokuja, uliwaambia hayo?"

"Yule binti? Ana adabu, masikini, alivua viatu mlangoni. Akakaa akaniuliza, hali ya maisha hapa ikoje? Nikamwambia njema. Sasa ulitaka nimjibuje mgeni hata maji hajanywa? Nimmwagie matanga?"

"Halafu?"

"Halafu nikangoja aniulize habari. Akaanza kuniuliza choo!"

Alicheka hadi uzi ukamtoka mdomoni. Mimi sikucheka, mwanangu. Nilihisi baridi ya mgongo, ile anayoipata fundi saa akisikia mlio fulani kabla hajaifungua saa.

Nimezunguka nyumba nyingi kusalimia. Kote ni hivyo hivyo. Mtu wetu akiulizwa hali hujibu njema, hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Hilo si jibu, ni mkeka: anakutandikia ukae. Habari zenyewe huja baadaye, zikitanguliwa na "ila". Mtu asiyengoja "ila" hajaongea na mtu bado, ameona mkeka tu akaenda zake kuandika kwamba nyumba ina mkeka.

Fanya hivi. Fungua kiambatisho cha mwisho cha ripoti yako, pale ambapo hakuna anayesoma. Utaliona dodoso lenyewe. Tazama chini ya swali la kwanza kama pana maelekezo kwa mdadisi.

Jambo lingine, nalo limenishangaza. Niliwaambia habari ya hukumu, kwamba mahakama ilikwisha kusema warudi. Hawakuamini. Kengele akasema, "Rafiki yangu, jambo kubwa kama hilo lingetangazwa." Redio haikusema, basi halipo. Wakili aliyewasimamia alipopata ushindi alipata pia uteuzi. Sasa ndiye mkuu wa wilaya hii hii, na tangu ateuliwe hajapita hapa kuwapa habari.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa niaba ya chumba chetu chote, ingawa hawajui kwa nini. Mimi mzima. Nimeacha kuota kwa sababu nimeacha kulala.

Nimelikuta. Chini ya swali la kwanza, kwa herufi ambazo sisimizi angehitaji miwani: "Kama jibu ni nzuri, ruka hadi swali la kumi na mbili." Swali la kumi na mbili ni choo. Swali la kumi na moja ni hili: "Je, kaya yako ingependa kurudi ilikotoka?" Kwa hiyo watu tisa kati ya kumi hawakukataa kurudi. Hawakuulizwa.

Nilikwenda kwa Bwana Msajili karibu nikikimbia. Korido zetu ni ndefu na zina zulia, mtu akikimbia hasikiki, ni kama kukimbia ndotoni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amekuonyesha hili?"

"Shangazi yangu."

Akavua miwani. "Shangazi si ushahidi, kijana."

"Lakini ni kweli."

"Sijasema si kweli. Nimesema si ushahidi." Kisha akaniambia nikae, jambo ambalo hajawahi kuniambia. "Serikali ile imeshanong'ona kwamba ikisumbuliwa itajitoa. Bajeti yetu inatoka kwao hao hao tunaowahukumu. Mahakama hii haina polisi. Ina karatasi, na ina aibu yao. Aibu ikiwaisha, tunabaki na karatasi."

Nikakumbuka viti vyako, Shangazi. Hata hapa, kati ya meza yake na kiti changu, nilihisi kuna kingine.

Amesema majaji watalisikiliza jambo hili kwa njia mbili tu. Wananchi walete malalamiko kupitia wakili wao, na wakili wao, kama ulivyosema, sasa anapigiwa saluti. Au Taasisi yenyewe ikiri kwamba swali liliruka watu. Nasikia Mkurugenzi wa sasa ulimfundisha wewe.

Sikuagizi lolote. Na tafadhali usiendelee kuzunguka nyumba za watu, huna kibali cha utafiti. Unajua sheria ya huko.

Mwanao


25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba zote nimezipokea. Mimi ni mzima, na kwa kuwa sasa unajua maana ya neno hilo, nitakuongezea: ila mguu umevimba, ila nimechoka, ila nimefurahi sana kuwa na kazi tena.

Nimekwenda Taasisi. Walinzi hawanijui, vitabu vya maktaba vinanijua. Maktaba imekuwa tupu, mwanga unaingia kutoka madirisha ya juu na kulala juu ya meza kama nguo iliyosahauliwa, na nilitamani nikae pale tu mpaka jioni. Mkurugenzi akaja mwenyewe kunichukua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa, cheo kinakukubali."

"Mwalimu, huo mdomo bado haujastaafu?"

Tulipokuwa ofisini kwake nilimuuliza bila kuzunguka, ujue nilikuwa nimechoka. "Ile ruka, uliiweka wewe?"

Akainuka akafunga mlango. "Niliiweka mimi. Wizara walisema msiwatie watu mawazo. Aliyeridhika unamuulizaje kama anataka kuondoka? Ni kama kumuuliza bibi harusi ukumbini kama ana uhakika. Na mimi nikaona ni hoja ya kitaalamu. Si wewe uliyetufundisha tusimwongoze mtu kwenye jibu?"

"Nilikufundisha pia kungoja."

"Kungoja hakumo kwenye bajeti, mwalimu. Kila kaya nusu saa, halafu gari linapiga honi." Akaanza kupanga kalamu zake kwa urefu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mwanafunzi. "Sikutaka kuwadhulumu. Kila hatua niliyochukua ilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na sahihi ya mtu. Nikitazama nyuma naona njia nzuri, imenyooka, haina hata shimo. Sijui ilifikaje ilikofika."

"Mahakama inataka kujua kama swali liliulizwa."

"Nikiandika kwamba halikuulizwa, wiki ijayo kiti hiki kina mtu mwingine."

"Najua."

"Na wewe unaniambia niandike?"

Sikumwambia, mwanangu. Nilimwambia nimekuja kumsalimia na nimemwona. Ukimwambia mtu aandike ukweli, umemgeuza mdadisi wako. Anaandika ulichotaka kusikia. Nikamwachia anwani ya Msajili wenu mezani, kati ya kalamu ndefu na kalamu fupi.

Kesho yake walikuja vijana wawili nyumbani, mashati yamepigwa pasi vizuri.

"Mama, una kibali cha utafiti?"

"Cha kumtembelea rafiki yangu?"

"Tumeambiwa ulikuwa unauliza watu maswali."

"Nilikuwa nasalimia."

Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Nyumba zote hizo?"

"Kwani wewe mtaani kwenu unasalimia ngapi halafu unanuna?"

Mdogo wao alitaka kucheka, mkubwa akamkanyaga. Nimeagizwa nisisafiri bila kuripoti kituoni. Usihangaike. Waliondoka wamenishikia kikombe changu hadi jikoni, wamelelewa vizuri.

Shangazi yako


10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili tangu barua yako, hukujibu. Simu yako haiiti. Niambie tu kwamba upo, mengine nitayasubiri.

Mkurugenzi aliandika. Ukurasa mmoja, mkavu kama risiti: kaya zilizojibu "nzuri" hazikuulizwa swali la kumi na moja, na kwa hiyo takwimu hazisemi lolote kuhusu nia yao ya kurudi. Basi. Hakujitetea, hakumlaumu mtu. Wiki iliyofuata jina lake halikuwepo tena kwenye karatasi za Taasisi. Mimi nikaandika maoni yangu: hukumu haijatimizwa. Majaji wakakubali.

Nilidhani ningefurahi. Siku mbili baadaye serikali yetu ikatangaza redioni kwamba inajitoa Mahakamani, kwa kuwa tumeingilia mambo yake. Bwana Msajili hakunigombeza. Alisimama dirishani akitazama bendera za nchi wanachama zikilowa mvua, akasema, "Kisheria kujitoa kunachukua mwaka. Kisheria." Jalada la Bonde liko wazi, lakini limewekwa rafu ya juu, kwenye majalada yanayopanguswa vumbi tu.

Kwa hiyo tumesema ukweli, na kila aliyeusema ameumia, na watu wako pale pale juu, kwenye ukungu. Nieleze, wewe unayeeleza kila kitu: tumefanya nini?

Na ujibu, tafadhali.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nipo. Nisamehe, nilikuwa mahali ambapo posta haifiki na simu haina mtandao. Nilikuwa Bondeni.

Kaa chini nikueleze. Unakumbuka Kengele alivyosema, jambo kubwa kama lile lingetangazwa? Basi likatangazwa. Waziri mwenyewe, redioni, saa ya habari, sauti imepanda: kwamba mahakama ya nje imethubutu kuamuru watu wa Bonde waruhusiwe kurudi kwao, na kwamba serikali haitavumilia. Uwandani kote redio zilikuwa zimefunguliwa. Kengele ananiambia mtu mmoja alitoka nje akauliza gizani, "Mmesikia? Tumeruhusiwa." Kule kutovumilia hakuna aliyekusikia. Mimi niliwaambia tangu Machi wakaniona nina mapenzi tu. Serikali ilipowaambia kwa hasira, waliamini mara moja.

Kengele akanitumia ujumbe: "Tunashuka." Nikaenda kituoni kuripoti, kama nilivyoagizwa. Nikawaambia nasafiri. Wakaniandika. Waliniagiza niripoti, hawakuniagiza nisisafiri.

Walishuka alfajiri ndani ya ukungu, na kwa kuwa ukungu ule huficha nyumba na nyumba, hakuna aliyejua wengine wangapi wanashuka. Kila mtu alidhani yuko peke yake na familia yake. Walipofika chini kwenye mwanga wakaonana, mwanangu, na wakaanza kusalimiana, na salamu zile zilichukua asubuhi nzima, maana kila mmoja alikuwa na "ila" za miaka. Bonde limeota msitu mlaini. Ndimu zimeanguka na kuota zingine, harufu yake inakufuata hadi usingizini. Milango ya nyumba imeliwa na mchwa lakini vizingiti vipo, na nilimwona mtoto aliyezaliwa uwandani akipita kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na kuta, akiinama kidogo, kama aliyeambiwa kuna dari fupi.

Siku ya tatu akaja mkuu wa wilaya na magari. Ndiye yule wakili wao. Akasimama kwenye majani, viatu vinang'aa.

"Nani amewaruhusu?"

"Wewe," akasema Kengele, na unajua sauti yake. "Si ndiye uliyetuombea?"

"Mama, wakati ule nilikuwa wakili."

"Na sasa umesahau kusoma?"

Watu hawakucheka. Mzee mmoja akamletea kiti, kile pekee tulichokuwa nacho, akamwambia, "Mheshimiwa, hali?"

"Njema," akasema.

Wakamngojea. Hakuna aliyefundishwa, mwanangu, nakuapia. Walinyamaza tu wote, bonde zima likanyamaza, hata askari wake. Alikaa akitazama mto. Kisha akasema, chini chini, "Ila nilishinda kesi ile, unajua. Ilikuwa kesi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Sikupata hata siku moja ya kuisherehekea." Akaomba maji, akanywa, akaondoka na magari yake. Hakuacha amri yoyote.

Unaniuliza tumefanya nini. Sijui bado. Tumezoea kufikiri kwamba sheria inayotoka mbali hushuka kwa ngazi, mahakama hadi serikali, serikali hadi wilaya, wilaya hadi mtu. Hii yetu ilirushwa dirishani kwa hasira, ikaokotwa na waliokuwa wakiihitaji.

Mkurugenzi yuko hapa pia. Amekuja bila gari na bila dodoso. Anajifunza kupalilia, vibaya.

Shangazi yako


30 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mimi nimelala vizuri, kwa hiyo jua ninaandika nikiwa na akili zangu. Mguu je? Na usinijibu "mzima" peke yake.

Limetokea jambo. Barua imefika kutoka serikali yetu. Inasema, nanukuu, kwamba "kwa kuheshimu hukumu ya Mahakama, Serikali imewarejesha wananchi wa Bonde katika makazi yao ya awali kwa amani na utulivu." Imeambatanishwa taarifa ya mkuu wa wilaya, imeandikwa kwa lugha safi sana ya kisheria, ya mtu aliyefurahia kuiandika. Ile barua ya kujitoa haijawahi kufika. Redio ilisema, posta haikuleta, na Bwana Msajili ametukataza kuiulizia.

Sasa natakiwa nitie sahihi kwamba serikali imetii. Kalamu imegoma, Shangazi. Haikumrejesha mtu yeyote. Ilichofanya ni kukasirika redioni. Nikisaini, siku moja msomi fulani atakuja kuhesabu nchi zilizotii hukumu na zilizokaidi, na yetu ataiweka kwenye safu ya walio watiifu, na ataandika kitabu kuelezea kwa nini. Nisiposaini, jalada litabaki wazi, na mtu yeyote wizarani akiamka vibaya anaweza kusema suala la Bonde halijaamuliwa.

Kijana wa zamani ndani yangu anataka ukweli wote uandikwe. Nifanyeje?

Mwanao


16 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mguu: si mbaya, ila natembea na fimbo, ila fimbo yenyewe ni ya mndimu na kila mtu anaisifia.

Tia sahihi leo, usilale nayo. Serikali ikikuta mto umeshapita hupenda kusema ndiyo iliyouelekeza, iache iseme. Sifa wachukue wao, bonde tumeshalichukua sisi. Na huyo msomi wako usimhurumie kabla hajazaliwa. Akitaka kujua ilikuwaje, njia ipo, aje aulize.

Kengele amepata madirisha mawili na paa nusu. Anauliza kama huko mliko zinapatikana sindano za cherehani la kizamani, zile nene. Leta mwenyewe, usitume.

Shangazi yako